Mama Mkwe wa Wodi ya Wazazi

Ndugu, majirani, na mliofanya kazi na marehemu, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kuja, tuko wachache na viti tulivyokodi vimezidi watu, kwa hiyo mliosimama kule ukutani kwa adabu sogeeni mkae, viti hivi havina wenyewe. Wazee wa familia wamenipa mimi, mtoto wa mdogo wake wa kiume, kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yetu, na sina budi kusema mapema kwamba marehemu mwenyewe aliniwekea masharti, akiwa na akili zake timamu na miwani yake machoni, kwamba nisiseme alipendwa na watu wote, kwa sababu si kweli, kwamba nisimpambe kwa sifa ambazo hakuwahi kuambiwa akiwa hai, na kwamba nisirefushe, kwa sababu watu walioketi juani hawasikilizi, wanaangalia viatu vya wenzao. Nitajitahidi kwa yote matatu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 kwa mujibu wa cheti cha shule, au tarehe 19 Mei 1953 kwa mujibu wa kitambulisho chake, na yeye aliitumia ile iliyomchelewesha kustaafu. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, akifuatiwa na wadogo zake wawili wa kike, ambao wote wapo hapa mstari wa mbele, na baba yangu, ambaye ndiye kitinda mimba na hadi leo hajazoea kuambiwa amekua. Baba yao alikuwa fundi bomba wa shirika la reli, mtu aliyeweza kulisikia bomba linalovuja akiwa amelala, na mama yao alikuwa dobi wa hospitali, akifua mashuka katika ua ulioko nyuma ya wodi, kwa hiyo marehemu alikulia kati ya kamba za kuanikia, akitoka shule anapitia pale kumsaidia mama yake kukunja, na mapema sana alizoea kuona damu ya watu asiowajua ikitoka kwenye kitambaa kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huikamatisha.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha akachaguliwa kwenda shule ya sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1970, na ripoti yake ya kidato cha pili, ambayo bibi aliihifadhi kwa miaka mingi akidhani ni ya sifa, ilisema kwamba mwanafunzi huyu hubishana bila kupaza sauti, jambo ambalo mwalimu wa darasa aliliona ni utovu wa nidhamu wa aina ngeni. Alijiunga na chuo cha uuguzi mwaka 1971, akahitimu mwaka 1974, akarudi chuoni kusomea ukunga, na mwaka 1977 akapangiwa wodi ya wazazi ya hospitali ile ile ambako mama yake alikuwa bado anafua mashuka, akakaa katika wodi hiyo hadi alipostaafu, asihame hata alipobembelezwa kwa cheo, kwa maelezo kwamba cheo kina ofisi na ofisi ina mlango, na mtu akishafunga mlango hasikii tena nani analia.

Mwaka 1980 marehemu alifunga ndoa na karani wa posta, mwanamume mpole, msafi, aliyependa utulivu, na ndoa hiyo ilidumu miaka minane. Kikao cha familia kilitaka niandike kwamba walitengana kwa sababu zisizozuilika, lakini marehemu alizoea kusema zilizuilika vizuri tu, ila hakuna aliyejishughulisha kuzizuia. Karani alilalamika kwa wazee kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe hawezi hata kuumwa kichwa kwa starehe, akisema tu kinauma anaulizwa kimeanza lini, upande gani, na kama macho yanaona ukungu. Alipoondoka alichukua meza na redio, akaacha viti viwili, na tangu hapo marehemu alikula akiwa amepakata sahani. Ndoa yao haikujaaliwa mtoto, na baada ya hapo hakuolewa tena, wala hakutafuta.

Sasa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo ilipo kazi yake.

Watu wengi wamekuwa wakituuliza tangu juzi, kwa sauti ya chini, kama alikuwa na dada aliyefia uzazini, maana mtu hawezi kuwa na ukali ule bila sababu ya nyumbani. Hakuna dada huyo, dada zake ndio hao, wana afya na wajukuu. Sababu ilikuwa ni mwanamke asiye ndugu yake, mke wa dereva wa lori, aliyejifungua mtoto wa kwanza mwezi Agosti 1991, akajifungua salama, akaruhusiwa kesho yake, na marehemu akamweleza dalili zote za hatari pale mlangoni, kama ilivyokuwa desturi ya wodi, mama ameshika mtoto, begi liko miguuni, na watu wa nyumbani wanapiga honi nje. Mama yule aliitikia kila neno kwa kichwa. Siku chache baadaye alirudishwa akiwa na degedege, shemeji yake amembeba mgongoni, na mchana huo huo akafariki.

Shangazi alikwenda kwa wifi wa yule mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la korido na mtoto mchanga, akitarajia kusikia kwamba dalili zilikuja ghafla au kwamba mgonjwa alizisahau. Wifi akamwambia hapana, hakusahau kitu. "Alituambia. Alisema nesi kasema kichwa kikiuma namna hii nirudishwe. Tukamwambia ndiyo kuzaa huko, lala."

Basi shangazi yetu, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa amewafundisha wanawake kujua, akatambua kwamba mama yule alikuwa anajua kila kitu, alichokosa ni uwezo wa kubishana na chumba kizima cha watu wanaompenda, waliomzidi umri, na ambao wote walikuwa wamekwishazaa. Aliomba likizo ya wiki moja, ya kwanza tangu aajiriwe, na aliporudi alikuja na kimoja kati ya vile viti viwili vya karani, amekibeba kichwani tangu nyumbani, akakiweka katika chumba kidogo cha kupimia watoto, kando ya mizani.

Kuanzia siku hiyo, mama yeyote aliyekaribia kuruhusiwa aliitwa kwenye chumba kile, akakalishwa kwenye kitanda cha uchunguzi, akafundishwa dalili taratibu, kwamba pedi ikilowa chapa chapa ndani ya saa moja au mabonge yakitoka makubwa si damu ya kawaida, kwamba kichwa kisichosikia dawa na macho yenye ukungu si uchovu, kwamba homa, uchafu wenye harufu mbaya, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukata, na ile hali ya kumwogopa mtoto wako mwenyewe au kusikia moyo unakutuma ujidhuru, yote hayo ni ya kurudi hospitali wakati ule ule, si kesho. Hayo yalikuwa yakifundishwa hata zamani. Jipya ni lililofuata, maana marehemu alikuwa akimaliza kufundisha anachukua mtandio, anajifunga juu ya sare, anakaa kwenye kile kiti, anashusha mabega, na anakuwa mama mkwe.

Waliowahi kufanya naye kazi wanasema ilitisha, kwa sababu hakuwa mkwe mbaya. Alikuwa mkwe mwema, mwenye huruma, aliyekuita mwanangu. Alisema, mwanangu, damu hiyo ndiyo uchafu unatoka, ushukuru. Alisema, mimi nimezaa saba na hicho kichwa ninakijua kwa jina. Alisema, sasa gari tulitoe wapi, mwache mume wako apumzike, ametoka kazini. Alisema, tukienda leo na leo watatuona tumekutesa. Na mama aliyejifungua jana alitakiwa amjibu, hoja kwa hoja, mpaka amshinde, na masharti yalikuwa kwamba ukimtukana mkwe umeshindwa, ukilia umeshindwa, ukinyamaza ndiyo umeshindwa kabisa. Ushindi ulikuwa sentensi moja, ambayo kila aliyepita chumba kile aliondoka nayo, unamwangalia mkwe usoni, kwa heshima yake yote, unamwambia: "Nimekusikia, mama. Sasa tunakwenda." Usipoweza, unarudi kitandani, na mchana anakuja tena kukuita.

Jina la Mama Mkwe lilianza kwa wahudumu wa usafi, likapanda kwa manesi, likafika kwa madaktari, na mwisho hata barua za kiofisi ziliandikwa jina lake na mabano ya jina hilo. Daktari mmoja kijana alipenda kuigiza mume, akikaa pembeni anapiga miayo na kusema tungoje kidogo tuone, na aliigiza vizuri kiasi kwamba kinamama wawili walimrushia kandambili, na marehemu akawafelisha wote wawili. Matroni wa wakati ule alilalamika, na sitajifanya kwamba hakuwa na haki, vitanda vilikuwa pungufu, kinamama wengine wamelala wawili wawili, na huku mtu mzima mwenye afya njema anakataliwa kutoka kwa sababu hajui kubishana. Wakasuluhishana kwamba zoezi lifanyike siku moja kabla ya kuruhusiwa, na anayesindikiza mama naye akalishwe asikilize, na hapo marehemu aligundua jambo lililomchekesha sana, kwamba kina mama wakwe wa kweli, wakimwona yeye kwenye kiti, walianza kumsema vibaya yule mkwe na kumtetea mkamwana.

Hakupendwa kwa hilo. Mwanamke amejifungua, ana maumivu, anataka kwenda kwake, halafu anatokea nesi asiye na mtoto anamfanyia mtihani. Waliuliza wodi nzima ikisikia, wewe umezaa wangapi, na yeye alijibu kwamba hata dereva wa gari la wagonjwa hajaugua maradhi yote anayoyabeba, lakini njia anaijua. Watu walicheka, naye akaendelea. Aliniambia mara moja tu, tena akiwa anaosha vyombo na amenipa mgongo, kwamba lile swali halikuwahi kuzoeleka.

Na ugumu wa kazi ile, ndugu zangu, haukuwa matusi. Mama aliyefundishwa akafika kwake salama hakuwa na sababu ya kurudi kusema, na aliyepata hatari akamshinda mkwe wake akaja kwa wakati, huyo alipokelewa kitengo cha dharura, jengo jingine, akatibiwa na watu wengine, akaenda zake. Waliorudi wodini wakamfikia yeye ni wale walioshindwa. Kwa hiyo shangazi yetu alifanya kazi ile kuanzia mwaka 1991 hadi 2013 akisikia habari za walioshindwa tu, na hakupata hata siku moja kumwona mtu aliyeshinda, akabaki hajui kama kile kiti kinafaa kitu au ni mchezo wa kuigiza tu. Mtaani alipokutana na wanawake aliowafundisha walivuka upande wa pili. Alisema ni sawa, nani anataka kusalimiana na mkwe asiye wake, lakini aliwafuata kwa macho mpaka wakakata kona, akiangalia jinsi wanavyotembea.

Alistaafu tarehe 31 Mei 2013, akafanyiwa sherehe fupi yenye soda, na alipotaka kuondoka na kiti chake mtunza bohari alimzuia getini, kwa sababu katika ukaguzi wa mali kiti kile kilikuwa kimepigwa namba ya rangi nyeupe chini ya kikalio, na chenye namba ni cha hospitali. Marehemu hakubishana, na hiyo ni mara ya pekee ninayoijua. Baada yake kinamama walianza kupewa karatasi iliyopigwa chapa, yenye picha nzuri, ambayo ina dalili zote na haina kosa lolote, isipokuwa haiwezi kukaa kitini na kukuita mwanangu.

Akaishi vyumba vyake viwili, vyenye dirisha linaloangalia mtaa, kiti kimoja, na redio aliyoinunua kuziba pengo la ile ya karani. Alizoea kuiacha ikiwaka akiwa hayupo, ili akirudi akute mtu anazungumza. Hakualikwa sana, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumwangalia mgeni miguu kabla ya uso, na watu hawapendi kukaguliwa wakiwa wamevaa vizuri. Mimi nilipomtembelea nilikalia kitanda.

Mwaka 2016 chumba cha mkabala, ng'ambo ya barabara, kilipangishwa na fundi nguo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye cherehani mbili na mtoto wa kike wa shule ya msingi. Marehemu alimtambua siku ya kwanza. Mwaka 2004 msichana huyu alikuwa amepita chumba cha mizani, mzazi wa mara ya kwanza, aliyezoea kuzungumza akiangalia magoti yake, na alifelishwa mara mbili, akalia, akarudishwa kitandani, na mara ya tatu aliisema ile sentensi akiwa ameangalia ukuta, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, marehemu akampitisha kwa shingo upande kwa sababu kitanda kilikuwa kinahitajika. Aliondoka bila kuaga. Sasa wakawa majirani wa shikamoo na marahaba, miaka saba, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anajua, na hakuna aliyevuka barabara kulisema.

Ugonjwa wa marehemu ulianza katikati ya mwaka 2023. Miguu ilivimba, ngazi tatu za mlangoni zikawa safari, na akawa analala ameketi, ameegemea mito. Ndugu zake walipopiga simu aliwaambia ni joto, na joto ni neno linalowaridhisha upesi watu walioko mbali. Nyumbani hapakuwa na mkamwana, wala mkwe, wala mtu yeyote wa kubishana naye, na yeye mwenyewe, ambaye dalili alizifahamu kuliko mtaa mzima, alikuwa amehamia upande wa pili wa mabishano.

Tarehe 5 Septemba alimwita fundi aje ampunguzie gauni urefu, kwa sababu miguu ilikuwa haiingii tena kwenye viatu vya kisigino na kwa kandambili gauni lilikuwa linafagia sakafu. Fundi alipiga magoti kuweka pini kwenye pindo, pini nyingine kazibana kwa midomo, na alipokuwa anazunguka akaiona miguu, akabonyeza kidole juu ya kifundo, na shimo likabaki. Yaliyofuata nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana.

Fundi alitoa pini mdomoni akauliza miguu hii imeanza lini.

"Joto hilo."

"Joto haliachi shimo, mama."

"Uzee basi. Ukifika umri wangu utaiona na yako."

"Na mito mitatu kitandani nayo ni uzee?"

"Nasoma."

"Na taa imezimwa? Nakaa mkabala, mama, dirisha lako naliona."

Marehemu akasema kliniki ya leo imekwisha, wataenda kesho. Fundi akasema dharura haina kliniki. Marehemu akasema hakuna gari. Fundi akasema lipo, la muuza magodoro, amekwishampungia mkono dirishani. Marehemu akauliza, kwa ile sauti ya kwenye kiti, sauti ya huruma, yeye fundi amekuwa daktari lini. Fundi akasimama, na safari hii hakuangalia ukuta.

"Mimi ni fundi nguo tu. Nimekusikia, mama. Sasa tunakwenda."

Shangazi yetu aliliangalia pindo, akasema, "Hujatoa pini." Na ni kweli, alifika hospitali na gauni lenye pini nusu ya pindo, nesi wa mapokezi akachomwa.

Wakiwa kwenye benchi la dharura wanasubiri kuitwa, fundi alimwambia jambo ambalo alikuwa amelikalia miaka kumi na tisa. Alipofika nyumbani mwaka ule na mtoto wake, siku ya sita kichwa kilimshika, dawa hazikusaidia, na macho yakaanza kuona ukungu, mlango anauona miwili. Mama mkwe wake akamwambia alale. Akamjibu. Akaambiwa gari halipo, akajibu, akaambiwa ni kawaida, akajibu, na alipofika mwisho akaisema ile sentensi, akamchukua mtoto akatoka nje akasimama barabarani mpaka gari la mchanga likamchukua. Presha ilikuwa imepanda sana, walimlaza siku kadhaa katika jengo lile jingine, akapona.

Marehemu alimuuliza mkwe wako alisema nini hasa.

"Alisema hayo hayo uliyosema wewe, neno kwa neno. Nikadhani mmekaa kikao."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilidhani unajua. Halafu nilikuwa na hasira na wewe, mama. Nimetoka kujifungua, umenirudisha kitandani mara mbili."

Hapo marehemu akaitwa ndani. Lakini miezi yote iliyofuata, kila nilipokwenda kumwona, alinisimulia habari hii upya kana kwamba sijaisikia, na kila alipofika kwa yule mkwe alisimama, akanitaka nikisie alisema nini, nami nilijifanya sijui, na alipotamka neno kwa neno alifunga macho kama mtu anayeonja kitu.

Madaktari walikuta moyo umepanuka na umechoka. Walisema angechelewa wiki moja wasingekuwa na la kufanya, na kwa dawa zao aliongezewa miezi minane, mitano nyumbani na mitatu wodini. Fundi alivuka barabara kila siku katika miezi hiyo mitano, na alikuja na kigoda chake cha kukalia, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Na marehemu, ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuwaruhusu watu waende makwao, alianza tabia ambayo hatukuijua kwake, kwamba wageni wakiinuka kuaga wanashikwa mkono, wanaambiwa, bado mapema, kaeni kidogo.

Alifariki tarehe 17 Mei 2024 asubuhi. Kikao cha familia kiliandika kwamba alifariki akiwa amezungukwa na wapendwa wake. Nimelifuta hilo, wazee wangu mtanisamehe. Fundi alikuwa amekwenda kumwandaa binti yake kwa mtihani wa kidato cha sita, sisi wengine tulikuwa njiani au makazini, na nesi wa zamu alikuwa kitanda cha pili akimhudumia mgonjwa mwingine. Hapakuwa na mtu pembeni yake. Ameacha wadogo zake watatu, watoto wa ndugu kumi na mmoja, vyumba viwili, redio, kiti kimoja, na gauni moja ambalo pindo lake limeshonwa vizuri na ndilo alilovaa.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya magonjwa ya moyo, waliomhudumia mgonjwa mbishi bila kumkaripia, majirani wa mtaa wake, muuza magodoro na gari lake, na wenzake wa zamani wa wodi ya wazazi. Tunamshukuru fundi, ambaye ameketi pale mwisho na hataki kutajwa, na binti yake, ambaye bila ya yale mabishano ya mwaka 2004 asingekuwa na mama.

Na wewe Matroni wa sasa, nimekuona, usiiname. Kiti cha shangazi bado kipo ofisini kwako, kwenye kona, kimewekewa sinia la chai, nilikiona nilipokuja kuchukua vyeti vyake. Familia haikidai, kina namba yenu. Tunaomba tu kirudishwe chumba cha mizani na akikalie mtu, awe nesi, awe mhudumu, awe mama yeyote aliyewahi kushinda, ajifunge mtandio awaite mwanangu kinamama wanaosubiri kwenda makwao. Fundi amesema siku za Alhamisi hana kazi nyingi. Mkituambia vitanda ni pungufu, kwamba karatasi inatosha, kwamba tungoje bajeti, tutawasikiliza kwa heshima yote, na Alhamisi atakuja.

Shangazi, jua limekuwa kali na hawa wameanza kuangalia viatu. Tunajua ungekuwa nasi ungetushika mkono, ungesema bado mapema, kaeni kidogo. Tumekusikia, mama. Sasa tunakwenda.

Pumzika kwa amani.